Ibara ya Sita na Njia ya Muswada

Sisi tufundishao Kiswahili nchini Uganda tuna swali moja ambalo halituachi. Twaulizwa na wazazi siku ya kuchukua ripoti za watoto, twaulizwa na madereva wa malori wanaolala Malaba na Busia wakingoja karatasi za forodha, na twaulizwa na wanafunzi wetu wenyewe, ambao wana ustadi wa kumbana mwalimu mahali pembamba. Swali lenyewe ni hili: ikiwa Katiba yetu imesema kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, mbona barua ya kumwita mtu mahakamani haiji kwa Kiswahili? Mbona fomu ya hospitali na hati ya kodi zimezoeleka kuja kwa Kiingereza? Urasmi huu ni wa namna gani, usioonekana ofisini?

Wako wanaojibu kwa hasira kwamba serikali haitaki. Wako wanaojibu kwa kejeli kwamba wananchi hawataki. Pengine kila mmoja ana chembe ya kweli. Lakini jibu la kwanza limo katika ibara yenyewe, na maadamu sisi ni walimu wa lugha, na tuisome kama tunavyowafundisha wanafunzi kuisoma sentensi ngumu, yaani kipande kwa kipande.

Ibara ya 6 ya Katiba, kama ilivyorekebishwa mwaka 2005, yasema kwanza kwamba lugha rasmi ya Uganda ni Kiingereza. Kisha yasema kwamba Kiswahili kitakuwa lugha rasmi ya pili, itakayotumika katika hali ambazo Bunge laweza kuziweka kwa sheria. Tazama ujenzi wake. Kishazi kikuu kimetoa cheo. Kishazi tegemezi kimemshika mkono mwenye cheo, kikamwambia angoje barazani mpaka mwenye nyumba atoke. Mwenye nyumba ni Bunge. Tena kitenzi alichopewa mwenye nyumba si cha kumlazimisha bali ni cha kumruhusu: hakuambiwa aweke, ameambiwa aweza kuweka. Mwanafunzi wa darasa la sita hujua tofauti ya mtoto anayeambiwa "fagia ua" na yule anayeambiwa "ukipenda waweza kufagia ua", na hujua pia ni ua upi utakaokuwa safi jioni.

Basi hatima ya Kiswahili katika ofisi zetu haimo katika ibara hiyo peke yake, bali katika sheria ambayo ibara hiyo yaitazamia. Na sheria haizaliwi kwa kutamkwa. Ina njia yake ndefu, yenye malango na walinzi, na kwa maoni yetu mwalimu wa Kiswahili asiyeijua njia hiyo ataendelea kulalamika mbele ya mlango usio wake.

Kabla ya kuipita njia hiyo, yafaa tukumbushane kwamba nchi hii imekwisha kuijaribu njia ya mkato. Baada ya jeshi kutwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, Bunge lilivunjwa na sheria zikawa zinatolewa kwa amri. Hapakuwa na kusomwa mara ya kwanza wala ya pili. Palikuwa na sahihi moja tu. Katika hali hiyo, mwaka 1973, Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Wapenzi wa Kiswahili wa siku zile walikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana hoja ya lugha ilikuwa imezozaniwa tangu enzi ya Gavana William Gowers, aliyependekeza Kiswahili mwaka 1927, na Kabaka Daudi Chwa aliyekipinga mwaka 1929. Lakini neno lililotolewa bila watu kulijadili halikuota mizizi. Walimu hawakuandaliwa wala vitabu havikutosha, na kwa raia wengi wa kusini Kiswahili kilibaki kuwa sauti ya askari katika kizuizi cha barabarani. Katiba ya mwaka 1995 ilipotungwa, ilikitaja Kiingereza peke yake kuwa lugha rasmi, na Kiswahili hakikutajwa kwa jina. Miaka ishirini na miwili ya kuitwa lugha ya taifa, na mwisho wake kimya kitupu!

Ndiyo maana sisi hatuidharau njia ndefu. Aliyewahi kuona jengo la siku moja likianguka humstahi fundi anayengoja saruji ikauke.

Neno lenyewe la muswada lafaa kutazamwa. Wenzetu waandishi hulitumia kwa kazi isiyochapishwa bado, na wanasheria hulitumia kwa sheria isiyopitishwa bado. Asili yake ni Kiarabu, na lina shina moja na neno la weusi: ni karatasi iliyotiwa wino, ambayo bado yaweza kufutwa na kuandikwa upya. Kwa hiyo mtu asemaye "muswada umepingwa" kama kwamba ni aibu, hajalielewa jina. Muswada usiopata mhariri ni wa kutiliwa shaka.

Aghalabu muswada wa serikali huanzia wizarani. Wizara hueleza ni tatizo gani linalotaka sheria, Baraza la Mawaziri hukubali au hukataa, kisha waandishi wa sheria katika Wizara ya Sheria huligeuza wazo hilo kuwa vifungu, na vifungu hivyo hurudi tena kwa mawaziri kabla ya kuchapishwa katika Gazeti la Serikali pamoja na maelezo ya shabaha yake. Haya yote hutendeka kabla mbunge hajainua kidole. Mwezi Septemba mwaka 2019 Baraza la Mawaziri lilikubali kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Tarehe 5 Julai 2022 likakubali tena kwamba Uganda itekeleze uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya Jumuiya, na kwamba somo la Kiswahili liwe la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia, na tulikuwa na sababu. Hata hivyo watu wengi walizungumza siku ile kama kwamba sheria imekwisha kutungwa, ilhali uamuzi wa mawaziri, hata uwe mzuri namna gani, ni ngazi ya chini kabisa ya safari tunayoieleza. Waziri aliyeamua leo aweza kubadilishwa kesho, na atakayemfuata aweza kuamua vingine. Kutoka mwaka 2005 hadi siku ile ilikuwa miaka 17, na sheria inayotazamiwa na ibara ya 6 ilikuwa haijatungwa.

Tena kuna tatizo la ukoo. Utamaduni uko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Shule ziko chini ya Wizara ya Elimu na Michezo. Mahakama ni muhimili wa pekee wenye taratibu zake. Muswada wa lugha ni mtoto wa baba watatu, na mtoto wa baba watatu hujua kulala na njaa.

Kwa nini basi asitafutwe mbunge mmoja mpenda Kiswahili aupeleke muswada kwa jina lake mwenyewe? Katiba yamruhusu, ibara ya 94 hata yamwagiza Mwanasheria Mkuu amsaidie kuuandika. Wenzetu wengi hupumua kwa furaha wakifika hapa. Lakini ibara iliyotangulia hiyo, ya 93, yakataza muswada wa mbunge binafsi kutoza kodi au kuchota katika Mfuko Mkuu wa Serikali, na zaidi ya hayo Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 yataka kila muswada uje na hati ya kuonyesha gharama zake. Nasi twajua kwamba lugha ni gharama. Wafasiri watataka mshahara, fomu zitataka kuchapwa upya, walimu watataka kusomeshwa. Sheria ya Kiswahili isiyogusa fedha yaweza kuandikwa, ila itakuwa salamu tu.

Tuseme sasa kwamba muswada umefika Bungeni. Hapo huanza zile hatua tatu ziitwazo kusomwa. Mwaka mmoja tuliwafanyisha wanafunzi wa kidato cha tatu mchezo wa Bunge darasani, na muswada wao ulikuwa wa kuifanya Ijumaa kuwa siku ya kuzungumza Kiswahili shuleni. Spika alikuwa msichana mwenye sauti kavu, na kalamu ya ubao ndiyo iliyokuwa siwa. Alipotamka kwamba muswada umesomwa mara ya kwanza, kijana mmoja alisimama nyuma na kusema, "Mwalimu, umesomwa lini? Mimi nimesikia jina lake tu." Darasa likacheka, lakini kijana alikuwa amesema kweli. Katika kusomwa mara ya kwanza kinachosomwa ni jina la muswada. Desturi hiyo tuliirithi kwa Waingereza, ambao zamani, nakala zikiwa adimu na za mkono, walikuwa na karani aliyewasomea wabunge muswada wote kwa sauti ili waujue. Nakala zikawa nyingi, karani akanyamaza, jina la desturi likabaki. Sisi tuliokulia vijijini tukimsikiliza mtu mmoja mwenye kujua kusoma akiwasomea wengine gazeti chini ya mwembe, hatuoni kwamba jambo hilo ni la kushangaza sana.

Baada ya jina kusomwa, muswada haujadiliwi papo hapo. Hupelekwa katika kamati, na hapa ndipo tungependa wasomaji wetu wasimame nasi kwa muda, kwa sababu kamati ndiyo sehemu ya safari ambayo raia aweza kuigusa kwa mkono wake. Kanuni za Bunge zaipa kamati siku 45 za kuuchunguza muswada na kutoa ripoti. Katika siku hizo kamati huita watu: wataalamu, wakuu wa idara, vyama vya wafanyakazi, wafanyabiashara, na yeyote mwenye maoni yaliyoandikwa vizuri. Si lazima uwe mtu mkubwa. Mbunge aliyeko katika kamati ana miswada mingi mikononi, na akipewa karatasi yenye kusema "katika kifungu cha tano, badala ya neno hili liwekwe neno lile, kwa sababu hii", huipokea kama msafiri apokeaye maji. Akipewa karatasi ya kurasa arobaini inayoanza na asili ya Wabantu, huiweka chini ya nyingine.

Twasema hivi kwa kuwa tumeziona karatasi za namna zote mbili. Walimu wa Kiswahili tuna ulimi mzuri wa kusifu lugha yetu. Twajua kuhesabu nchi inakozungumzwa, twajua kwamba UNESCO iliitengea tarehe 7 Julai kwa uamuzi wa mwaka 2021. Hayo yote ni kweli, na katika kamati hayatoshi. Kamati haiulizi kama Kiswahili ni kizuri. Yauliza: mshtakiwa asiyejua Kiingereza, akiomba mkalimani wa Kiswahili katika mahakama ya hakimu, atapewa na nani, kwa siku ngapi, kwa fedha gani? Mwenye jibu la swali hilo huandika sheria pamoja na wabunge, hata kama jina lake halitajwi.

Kuna kinaya kimoja ambacho hatuwezi kukipita kimya. Mijadala ya Bunge letu, kwa desturi, huendeshwa kwa Kiingereza. Muswada wa Kiswahili utajadiliwa, utarekebishwa na utapigiwa kura kwa lugha nyingine. Wako kati yetu waonao kwamba hili ni tusi. Sisi hatuoni hivyo. Mtoto haombi ruhusa ya kuhama kwa kuzungumza lugha ya nyumba ambayo hajahamia. Ila ni sharti tukubali kwamba maoni yetu, yakitaka kusikiwa, yaandikwe kwa lugha mbili, na ile ya pili iandikwe kwa ufasaha uleule.

Kamati ikisharipoti, muswada husomwa mara ya pili, na hapo ndipo kanuni zake kuu hujadiliwa na Bunge zima. Mtu aliyekaa katika roshani ya wageni saa nane mchana siku ya Jumanne au ya Jumatano ataona mambo ya kumfurahisha na ya kumchosha. Kisha Bunge hujigeuza kuwa kamati, Spika akawa mwenyekiti wa kamati hiyo, na muswada hupitiwa kifungu baada ya kifungu. Hii ni kazi ya subira kama ya kupembua mchele. Hapa "laweza" hugeuzwa kuwa "litafanya", hapa "ndani ya miezi sita" huongezwa au hufutwa, na magazeti siku ya pili hayasemi lolote juu yake. Jina la muswada huangaliwa mwisho kabisa, baada ya vifungu vyote, jambo ambalo mwalimu wa insha ataliona kuwa la busara. Kusomwa mara ya tatu hufuata, wakubalio husema ndiyo, wakataao husema hapana, na muswada umepita.

Umepita, ikiwa walikuwapo watu wa kutosha. Katiba, katika ibara ya 88, yataka akidi ya theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura. Bunge lililochaguliwa mwaka 2021 lilikuwa na wabunge zaidi ya 500. Theluthi ya 500 ni 167, hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi aifanya bila karatasi. Na bado hesabu hiyo imewahi kuangusha sheria kubwa. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria ya kura ya maoni. Wanasiasa wawili, Paul Ssemogerere na Zachary Olum, wakaenda mahakamani, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaifuta kwa sababu ilipitishwa bila akidi. Bunge likaharakisha marekebisho ya Katiba mwaka huohuo ili kujitoa katika tatizo hilo. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu ikayafuta nayo, kwa kuwa utaratibu ambao Katiba yenyewe imeuweka wa kuirekebisha haukufuatwa. Tuliwahi kumsikia mzee mmoja akiita mambo hayo michezo ya mawakili. Sisi twaona ndani yake heshima isiyo ndogo. Ni kusema kwamba viti vitupu haviwezi kutunga sheria, na kwamba haraka ya wenye nguvu si hoja.

Sheria iliyopitishwa hupelekwa kwa Rais, naye ana siku 30. Aweza kuiridhia, aweza kuirudisha Bungeni akiomba kifungu fulani kifikiriwe upya, aweza kumwandikia Spika kwamba hairidhii. Akinyamaza hadi siku hizo ziishe, huhesabiwa kuwa ameridhia. Akiurudisha muswada uleule mara mbili, na Bunge likaupitisha mara ya tatu kwa theluthi mbili ya wabunge wote, unakuwa sheria bila sahihi yake. Mfano wa muswada uliokwama hapo ni ule wa bayoteknolojia wa mwaka 2012. Ulipitishwa mwezi Oktoba 2017, ukarudishwa. Ukapitishwa tena Novemba 2018, safari hii ukiwa umebadilishwa hata jina. Na mwaka 2019 ukarudishwa tena. Miaka saba, na wakulima wakiwa bado wanauliza kama mihogo yao itahusika au haitahusika.

Katika njia hii yote, ibara yetu ya 6 ilipitaje? Hili halisemwi mara nyingi, nalo lafaa kusemwa. Tume ya Mapitio ya Katiba iliyoongozwa na Profesa Frederick Ssempebwa ilitoa ripoti yake mwaka 2003, na serikali ikaijibu mwaka uliofuata. Sheria ya Marekebisho ya Katiba iliyotokea mwaka 2005 ilikuwa na mambo mengi kwa pamoja, na miongoni mwake lilikuwamo jambo moja lililoiteka nchi nzima, nalo ni kuondolewa kwa kikomo cha vipindi vya urais. Nani angekisikiliza Kiswahili katika makelele yale? Kifungu kidogo cha lugha kilipita kama abiria wa mwisho katika basi lililojaa, amesimama mlangoni, hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Theluthi mbili zilizohitajika zilipatikana, lakini hatudhani kwamba wengi walikuwa wakifikiria lugha walipopiga kura. Kwa mawazo yetu hiyo ni sababu moja kubwa ya ukimya uliofuata: kifungu ambacho hakikugombewa wakati wa kuzaliwa hakina ndugu wa kukitetea ukubwani.

Majirani zetu wa Rwanda walikwenda vingine. Katiba yao ya mwaka 2015 ilitaja Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, ikasema kwamba sheria maalumu yaweza kuongeza lugha rasmi au kupunguza. Sheria ya namna hiyo hutaka kura si haba: ni tatu ya tano ya wajumbe waliohudhuria katika kila baraza, la Wabunge na la Maseneta. Mwaka 2017 sheria ikatungwa, nayo ilihusu Kiswahili na si jambo jingine. Miaka miwili tu. Hatusemi kwamba sasa kila karatasi ya Kigali imeandikwa kwa Kiswahili. Twasema kwamba swali liliulizwa likiwa peke yake, na likajibiwa likiwa peke yake.

Baada ya uamuzi wa mawaziri wa mwaka 2022, walimu wachache wa chama chetu tulikubaliana kuandika karatasi fupi ya vifungu, ili muswada ukifika kamatini utukute tumejiandaa. Tulikutana siku za Jumamosi katika darasa la shule moja, tukiwa na chai ya chupa na mandazi. Tulianza na mahali ambapo mtu huumia kwa kutoelewa: mahakama za ngazi ya chini, wodi za hospitali, vituo vya mpakani, vituo vya polisi. Vifungu vitatu vya kwanza vilitokea kwa urahisi. Tulipofika kifungu cha nne, cha shule, tuligawanyika.

Vijana walitaka iandikwe kwamba kila mwanafunzi, kuanzia darasa la nne, atasoma Kiswahili na kufanya mtihani wake. Neno lao lilikuwa "lazima", nao walilipigia meza. Hapo akazungumza mwalimu mmoja mstaafu, mama wa Masaka, aliyefundisha Kiswahili kwa miaka zaidi ya thelathini, na ambaye hatujawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Wanangu," alisema, "mimi nakipenda Kiswahili kuliko ninyi, maana nimekipenda wakati ambapo jirani zangu walinitazama vibaya kwa kukipenda. Lakini lazima naijua. Nilikuwa msichana, na lazima ilisimama njiani na bunduki, ikasema 'toa kitambulisho' kwa Kiswahili hichohicho. Andikeni kwamba serikali italazimika kuleta mwalimu na kitabu katika kila shule. Mtoto msimwandikie lazima kabla hajaletewa mwalimu."

Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, akisimama. "Mama, tumekusikia. Lakini hesabu ni lazima, na hakuna anayesema kwamba hesabu ina bunduki. Tukiandika 'aweza', tutangoja miaka mingine kumi na saba."

Hakuna aliyekuwa amekosea, na hilo ndilo lililotuweka pale hadi chai ikapoa. Tulijaribu kuandika kifungu kwa namna tatu. Ya kwanza iliiweka "lazima" kwa wizara na kumwacha mwanafunzi huru. Vijana wakaiita barua ya mapenzi. Ya pili iliiweka kwa wote wawili. Mama akafunga miwani yake katika kibweta. Ya tatu ilisema kwamba somo litakuwa la lazima katika shule yoyote iliyopewa walimu wawili waliohitimu na vitabu vya kutosha, miaka miwili baada ya kuvipata. Hiyo haikumpendeza mtu yeyote kikamilifu, na kwa hiyo ikaandikwa ubaoni. Mwenye kuandika akauliza kama "vitabu vya kutosha" ni kitabu kimoja kwa mwanafunzi mmoja au kimoja kwa watatu. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo na mlinzi wa shule alikuwa akitikisa funguo. Tukanakili ubao ulivyokuwa, alama za kuuliza zikiwamo, na kifungu cha nne kikaahirishwa hadi Jumamosi iliyofuata.